Kuchagua Mbao za Matuta ya Mboga Yaliyoinuliwa: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Nitumie mbao gani? Paina inatosha? Zile za kijani zilizotiwa dawa zina madhara kwa mboga? Nikizipaka oili chafu, mchwa hawatazila? Maswali haya manne huulizwa na karibu kila anayeanza bustani ya matuta yaliyoinuliwa hapa Mwanza, na kwa bahati mbaya huulizwa baada ya mbao kununuliwa na kupigwa misumari, wakati ambao jibu la kweli humtia mtu katika gharama ya pili. Mwongozo huu unakusudia kuyajibu kabla hujatoka nyumbani kwenda kwenye duka la mbao.

Sitatumia nafasi kubwa kueleza faida za matuta yenyewe. Anayeishi kwenye miinuko ya Bugando, Igogo au Mabatini anajua kwamba jembe likishuka kidogo tu linagonga jiwe, na anayelima ule udongo wa kichanga uliotokana na granaiti, ambao wazee wa Kisukuma huuita luseni, anajua jinsi maji ya asubuhi yanavyokuwa yamepotea kabla ya saa sita mchana. Walio karibu na maji wana tatizo la upande wa pili: mwaka 2020, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda hadi viwango ambavyo havikuwahi kurekodiwa kabla ya hapo, na bustani za ufukweni zikaingia maji. Wote hawa hunufaika na tuta lililoinuliwa kwa fremu ya mbao, ilimradi fremu hiyo idumu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwa ajili ya kununua: futikamba, kisu kidogo chenye ncha, daftari na kalamu. Kwa ajili ya kujenga: msumeno, nyundo, pima maji, sururu, kamba ya kuwekea mistari, misumari ya nchi 4 iliyopakwa zinki au skrubu za urefu huo, vipande vya mbao vya nchi 2 kwa 2 au nondo kwa ajili ya kushikilia pembe, karatasi nyeusi ya nailoni inayotumiwa kwenye ujenzi, na mawe bapa au matofali machache. Ukiwa na fundi seremala unayemwamini, nenda naye dukani. Lakini usimtume peke yake, kwa kuwa fundi huangalia kama ubao umenyooka, ilhali wewe una mambo mengine ya kuangalia ambayo yameelezwa hapa chini.

Nadharia kidogo tu

Maji peke yake hayaozeshi ubao. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu na hewa kwa pamoja, na ndiyo maana nguzo ya uzio hukatikia pale inapoingia ardhini, huku ncha iliyozama chini kabisa mara nyingi ikiwa bado nzima. Ubao wa tuta huishi katika hali hiyo kwa urefu wake wote, kwa sababu upande mmoja unagusa udongo unaomwagiliwa kila siku na upande wa pili unapigwa na jua na upepo. Juu ya hayo kuna mchwa, ambao huku kwetu hawahitaji mwaliko.

Kinachouwezesha ubao kustahimili yote mawili ni kemikali za asili ambazo mti hujiwekea katika kiini, yaani sehemu ya ndani ambayo katika miti mingi ina rangi iliyokolea. Sehemu nyeupe ya nje, iliyo chini ya gome, ndiyo iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai, nayo haina kinga hiyo hata kama mti wenyewe ni mninga. Kwa hiyo jina la mti hukupa nusu ya jibu. Nusu ya pili iko kwenye ubao uliopo mbele yako. Ukikumbuka jambo hili moja, hatua nyingi zinazofuata zitakuwa rahisi.

Hatua kwa hatua

1. Amua vipimo vya tuta kabla ya kufikiria mti. Upana usizidi futi 4, ambazo ni kama mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Kuhusu urefu, mbao nyingi madukani huuzwa kwa futi 12, na ubao mmoja wa futi 12 hukatwa kipande cha futi 8 na kipande cha futi 4 bila kubaki kitu. Mbao mbili basi hutoa fremu kamili ya futi 8 kwa 4. Kwa kina, nchi 6 zinatosha mchicha, figiri na chainizi ikiwa chini ya tuta kuna udongo unaopitika. Nyanya, karoti, bamia na nyanya chungu, au tuta lolote lililowekwa juu ya mwamba, huhitaji nchi 12, yaani mistari miwili ya mbao za nchi 6, ambayo ni mbao nne kwa tuta moja.

Unene ndio unaosahaulika. Ubao wa nchi 1 ni rahisi kubeba na rahisi kununua, lakini tuta la ukubwa huo lenye kina cha nchi 12 hubeba udongo wa karibu mita za ujazo 0.9, ambao ukilowa huzidi tani moja, na sehemu ya uzito huo husukuma mbao nje. Chagua nchi 2 kila unapoweza, kwa sababu unene ukiongezeka kuoza nako huchukua muda mrefu zaidi kufika upande wa pili.

2. Kagua mahali tuta litakapokaa. Tembea eneo lote ukitafuta vichuguu, njia za udongo juu ya kuta na mashina, na visiki vilivyoachwa ardhini. Kisiki kilicho chini ya tuta ni makao ya mchwa yaliyoandaliwa tayari, kwa hiyo king'oe. Kwenye mteremko, panga urefu wa tuta ukate mteremko, usishuke nao. Walio ufukweni wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu, na fremu ya mbao ngumu iliyopigwa nondo inaweza kuhesabiwa kuwa ya kudumu.

3. Ondoa kwanza mbao zisizofaa kwa chakula. Hatua hii hutangulia bei, na ndiyo ninayoomba usiiruke.

*Mataruma ya reli na vipande vya nguzo za umeme.* Hupendwa kwa kuwa vinene na vigumu, lakini vingi vimeloweshwa kwa kreosoti, yaani dawa nyeusi inayonuka kama lami, au kwa dawa nyingine za viwandani. Siku za jua kali kreosoti huweza kutoka juu ya mbao na kushika mikono. Usivitumie kabisa kwa mboga.

*Mbao za kijani zilizotiwa dawa.* Rangi hiyo ya kijani kwa kawaida hutokana na shaba. Dawa ambayo imetumika zaidi kwa nguzo na mbao za ujenzi ni mchanganyiko wa kromu, shaba na aseniki, na aseniki ni sumu. Nchini Marekani wazalishaji waliacha kuuza mbao za mchanganyiko huo kwa matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Kiasi kinachovuja kwenye udongo huwa kidogo na hukaa karibu na ubao, lakini mboga za majani na za mizizi ndizo zinazopandwa hadi ukingoni. Zipo dawa nyingine za kijani zisizo na aseniki. Shida ni kwamba mara nyingi muuzaji hawezi kukuambia ni ipi iliyotumika. Kwa kenchi za paa mbao hizi ni nzuri, ila kwa tuta la mchicha ziache.

Onyo: vipande vya mbao hizo havifai kuwa kuni. Moshi na majivu yake hubeba ile aseniki, na pumba zake hazifai kutandikwa kwenye banda la kuku wala kuchanganywa kwenye mboji. Katika nyumba zetu hakuna kipande cha ubao kinachotupwa, na kwa sababu hiyo onyo hili lina uzito mkubwa kuliko suala la tuta lenyewe.

*Oili chafu.* Hii ndiyo dawa ya mchwa ya kila mtaa, na mafundi wengi watakupakia bila hata kuulizwa. Oili iliyotoka kwenye injini hubeba chembe za metali na mabaki ya mafuta yaliyoungua ambayo hayapaswi kukaa karibu na chakula, na mvua ikinyesha hushuka moja kwa moja kwenye udongo. Mwambie fundi mapema, kabla hajafungua dumu.

*Mbao za mitumbwi chakavu.* Huku mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inakotia nanga, zinapatikana kwa bei ya kutupa, na nyingi ni za mti mzuri sana. Tatizo liko juu yake: tabaka za rangi za miaka mingi zisizojulikana zina nini, na mara nyingine lami iliyozibia nyufa. Ukipata ubao ambao haujawahi kupakwa kitu, na kisu kikaonyesha kiini kilicho kigumu, uchukue. Uliopakwa rangi usiukwangue kwa randa nyumbani, kwa maana vumbi lake ni baya kuliko ubao wenyewe.

*Mbao zilizofungiwa zege.* Zilizoshika saruji kidogo hazina neno, lakini mara nyingi hupakwa dizeli au oili ili zege lising'ang'anie ubao. Zinuse, pua hutoa jibu la haraka.

*Paleti.* Tafuta alama iliyochomwa au kupigwa kwenye ubao. Herufi HT humaanisha zilitibiwa kwa joto, nazo zinafaa. Herufi MB humaanisha zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ziache. Zisizo na alama, au zenye madoa ya mafuta na kemikali, ziache pia. Hata zile nzuri ni nyembamba, hazitafika mbali.

*Plaiwudi na mbao za kubandikwa gundi.* Zikilowa mara kwa mara huachana tabaka kwa tabaka. Hazifai.

4. Chagua mti kulingana na mfuko wako na muda unaoutaka. Hapa watu hubishana sana, nami nitasema ninavyoona.

Mninga, mkongo na mvule ni miti ambayo kiini chake hustahimili kuoza na mchwa kwa miaka mingi. Mafundi wa mitumbwi wanaijua vizuri kuliko sisi wakulima, na mazungumzo ya nusu saa na fundi aliyezeeka kwenye kazi hiyo yatakufundisha kutambua kiini kwa macho na kwa harufu. Bei yake ni kubwa, na tena ni miti ya asili inayopungua, kwa hiyo binafsi siioni busara kununua mninga mpya wa daraja la samani ili kuufukia kwenye udongo. Kinachofaa ni vipande vilivyobaki kwenye karakana za samani na milango, ambavyo mara nyingi huwa na urefu wa futi 4 na kutosha pande fupi za tuta.

Mtiki una kiini kizuri pia, lakini mbao za mtiki mchanga zinazopatikana sasa huwa na sehemu nyeupe kubwa. Usilipie jina.

Mjohoro ni mti ninaoupigia debe zaidi kwa mazingira yetu. Umepandwa kwenye viwanja vya shule, kando ya barabara na kwenye miji ya watu kote Usukumani, hukua haraka, na kiini chake cheusi chenye mistari hustahimili mchwa vizuri. Ni nadra kuukuta dukani umepasuliwa mbao, kwa sababu hupinda na wengi huuona kuwa kuni tu. Utalazimika kumtafuta mtu anayekata mti wake na kumlipa mwenye mashine aupasue. Mwambie apasue wakati shina bado bichi, maana likikauka hutafuna meno ya msumeno, na kila anayelipasua afunge kitambaa puani kwa kuwa vumbi lake huwasha. Mwarobaini upo katika kundi la karibu na hilo, ingawa ni vigumu kupata mbao ndefu zilizonyooka.

Saipresi, ukiipata, kiini chake ni cha wastani. Mkaratusi huuzwa zaidi kama mirunda: sehemu nyeupe ya mirunda michanga huliwa haraka, na mbao zake hupasuka na kujikunja zikikauka. Mti uliokomaa ni bora zaidi, na kama umeupata ukiwa na kiini chekundu kilichoshikamana, unafaa kwa bei yake.

Kisha kuna paina, ambayo ndiyo karibu kila mtu atakayoiona kwanza. Hutoka kwenye mashamba ya miti ya serikali yaliyo karibu nasi, Rubya huko Ukerewe na Buhindi huko Buchosa, au husafirishwa kutoka Sao Hill, Mufindi. Imenyooka, ni nyepesi, inakubali misumari, na haina kinga. Paina isiyotiwa dawa ikigusa udongo wenye mchwa usiitarajie zaidi ya miaka miwili, na ikikosa bahati haivuki mwaka. Hilo halimaanishi kwamba haifai. Anayekodi nyumba, au anayetaka kujaribu kwanza kama ataipenda kazi ya bustani, atumie paina ya nchi 2, aitenganishe na udongo kama ilivyoelezwa katika hatua ya 9, na aihesabu kuwa ni kitu cha kubadilishwa. Mabanzi ya paina yenye magome hayafai hata kwa jaribio, kwa kuwa yote ni sehemu nyeupe, na chini ya gome ndiko wadudu huanzia.

Njia ya kulinganisha ni kugawa bei ya ubao kwa miaka unayoitarajia. Ikiwa ubao wa mjohoro unagharimu mara mbili ya paina lakini utakaa mara tatu, hesabu imejibu.

5. Dukani, kagua ubao mmoja mmoja. Usikubali kupakiwa rundo. Muuzaji mwenye haraka atakuambia zote ni sawa, na hazijawahi kuwa sawa. Anza na kichwa cha ubao, pale ulipokatwa, kwa sababu ndipo kiini na sehemu nyeupe huonekana wazi. Kwa miti yenye kiini kilichokolea, kubali ubao ambao sehemu nyeupe haizidi ukingo mwembamba, na ukumbuke kuuweka ukingo huo upande wa juu wakati wa kujenga. Ubao uliopita katikati kabisa ya shina, wenye duara dogo la moyo wa mti kichwani, utapasuka ukikauka, urudishe.

Kisha geuza pande zote. Matundu madogo ya duara yenye unga laini yanaonyesha kwamba bungua, wadudu wanaotoboa mbao, bado wako kazini. Matundu makavu yasiyo na unga ni ya zamani, lakini kwa tuta sioni sababu ya kuyalipia. Madoa ya bluu kwenye paina hayapunguzi nguvu ya ubao, ila yanakuambia kwamba ulikaa ukiwa mbichi mahali pasipo na hewa. Chomeka ncha ya kisu karibu na fundo na kwenye kingo: ikizama kwa urahisi na nyuzi zikakatika bila mlio, kuoza kumeshaanza.

Inua ubao, kisha inua mwingine wa kipimo hicho hicho. Ulio mzito zaidi kwa mti ule ule kwa kawaida ni ule mbichi. Mwisho, uweke jicho lako kichwani mwa ubao na uangalie kuelekea mwisho. Kupinda kidogo kwa upana hurekebishwa na misumari; ubao uliojisokota hautanyooka.

6. Pima, lipa, dai risiti. Ubao unaoitwa mbili kwa sita unaweza kuwa na nchi 1¾ kwa 5½ baada ya msumeno na kukauka, na futi 12 zikawa pungufu. Pima kabla ya kulipa, na andika vipimo halisi, kwa sababu kina cha tuta kitategemea hivyo. Kwa mbao za miti ya asili, uliza hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na uchukue risiti. Ubao wa mninga unaouzwa usiku kwa bei ya paina una sababu yake, na ukikamatwa nao njiani sababu hiyo inakuwa yako.

7. Kausha. Mbao mbichi zikipigwa misumari hukauka zikiwa zimefungwa, na pembe huachana. Zipange kivulini juu ya matofali, tabaka kwa tabaka, ukiweka vijiti vya unene unaolingana kati ya tabaka na tabaka ili hewa ipite, na uweke mawe juu ili zisijisokote. Wiki nne hadi sita za kiangazi cha Juni hadi Agosti hutosha mbao za nchi 1. Za nchi 2 huhitaji muda zaidi. Anayetaka kupanda vuli anunue mbao mapema, asisubiri mawingu.

8. Kata na funga. Sawazisha ardhi kwa sururu, uhakiki kwa pima maji. Baada ya kufunga pembe nne, pima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala kwa njia zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu iko mraba. Toboa matundu membamba kabla ya kupigilia misumari kwenye mbao ngumu, hasa karibu na vichwa, la sivyo zitapasuka.

Wengi hupigilia vigingi virefu vya mbao ardhini kwenye pembe. Hilo ni kosa la kawaida: kigingi hicho ndicho sehemu iliyo ndani zaidi ya udongo, ndicho huliwa kwanza, na mchwa hupanda kupitia humo hadi kwenye ubao. Tumia vipande vya nchi 2 kwa 2 vinavyoishia usawa wa chini wa fremu, na nje ya fremu, katikati ya kila upande mrefu, pigilia kipande cha nondo ili kuzuia mbao kutanuka. Kwenye mwamba, ambako nondo haiingii, funga ubao mmoja mwembamba unaokatisha katikati ya tuta kutoka upande hadi upande.

9. Tenganisha mbao na udongo. Weka fremu juu ya mawe bapa au matofali ili ukingo wa chini usilale ardhini, na uzibe mapengo kwa kokoto. Mawe hatuyakosi. Kisha funika upande wa ndani wa mbao kwa karatasi ya nailoni, uipigilie karibu na ukingo wa juu, na uiache ining'inie hadi chini. Usiipitishe chini ya ubao na kuirudisha nje, kwa kuwa itageuka mfereji unaohifadhi maji chini ya ubao, na usitandike nailoni kwenye sakafu ya tuta, kwa kuwa maji yatakosa pa kwenda.

Kuchoma uso wa mbao kwa moto, kama wazee walivyofanya kwa nguzo za boma, husaidia kidogo lakini hakubadilishi mti dhaifu kuwa imara. Majivu yanayomwagwa pembeni huwasumbua mchwa hadi mvua inayofuata.

10. Jaza. Kwa tuta la futi 8 kwa 4 lenye kina cha nchi 12 andaa toroli kama 14 za lita 60 za udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na uongeze nyingine baada ya udongo kushuka. Usijaze hadi ukingoni. Acha kama nchi 1 ili maji yasimwagike juu ya mbao.

Mambo yakienda kombo

Fremu imetanuka katikati. Usiivute kwa waya wakati imejaa. Toa udongo wa katikati, rudisha ubao, piga nondo nje, kisha jaza tena.

Njia za udongo za mchwa zimeonekana juu ya ubao. Zikwangue zote na ufuatilie zinakotokea. Mara nyingi utakuta matandazo, udongo uliomwagika au kijiti kinachounganisha ardhi na ubao. Kiondoe, na ukague kila wiki. Kama kichuguu kiko karibu, kichimbwe hadi malkia apatikane. Usimwage sumu ya mchwa ya majengo kwenye udongo wa mboga.

Uyoga umeota kwenye ubao. Kuoza kumeshafika ndani. Chomeka kisu: kikizama chini ya sentimita moja, ubao utamaliza msimu, kikizama zaidi, panga kuubadilisha baada ya mavuno. Uyoga huo usiliwe.

Mboga zimegeuka njano baada ya kuchanganya pumba za mbao kwenye udongo. Vijidudu vinavyoozesha pumba hutumia naitrojeni ya udongo. Ongeza samadi iliyoiva au mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji, na siku nyingine pumba zipitie kwenye mboji kwanza.

Tuta limeshajengwa kwa mbao za kijani. Kama huwezi kulivunja, weka nailoni ndani ya pande zote, badilisha udongo uliokuwa umegusana na mbao, na panda mboga za majani na karoti angalau sentimita 20 kutoka ukingoni. Mimea inayozaa juu, kama nyanya na bamia, ndiyo ipewe tuta hilo. Maua ni bora zaidi.

Vichwa vya mbao vimepasuka. Ufa mfupi hauna madhara. Ukifika kwenye misumari, pigilia kipande cha 2 kwa 2 ndani ya pembe na uhamishe misumari.

Fedha haitoshi kwa mbao nzuri. Kwa mkazi wa Mwanza, mstari wa chini si lazima uwe wa mbao. Panga mawe yaliyopo uwanjani hadi nchi 8 au 9, uyashindilie kwa udongo mzito na kokoto, kisha weka mstari mmoja wa mbao juu yake ili upate ukingo ulionyooka. Ubao ulio juu ya mawe hauigusi ardhi, hukauka kila siku, na njia ya mchwa juu ya jiwe huonekana mapema. Katika nafasi hiyo hata paina isiyotiwa dawa inakubalika, nawe utahitaji mbao mbili tu kwa tuta zima.